Ukitafuta Mahali pa Jaa Ukambani, Anza na Maji

Umeingizwa kwenye kamati ya kutafuta mahali pa jaa jipya. Huenda ni la mji kama Wote au Mwingi. Huenda ni la soko dogo ambalo taka zake zimeanza kufika kwenye ua wa shule. Kabla chai haijapoa mtu atasema, "Si kuna lile korongo kule chini, halina kazi." Mwingine atataja shimo la changarawe lililoachwa na mkandarasi wa barabara. Wa tatu atataja ukingo wa mto, kwa sababu mto wenyewe ni mkavu.

Andika mapendekezo yote matatu, kisha yakate. Hapa Kitui na Makueni, ardhi ambayo watu wanaona haina kazi mara nyingi iko kazini kwa ajili ya maji. Korongo hupeleka mvua mtoni. Shimo la changarawe limeshaondolewa udongo, hivyo kati ya taka na nyufa za mwamba hakuna kilichobaki. Na mto mkavu una hadithi yake.

Mto mkavu ni mto

Nzeeu, Kalundu, Tiva, Thua, Kaiti: mito hii hutiririka wakati wa mvua, kisha maji hujificha mchangani. Robo hadi theluthi ya ujazo wa mchanga ule inaweza kuwa maji, na jua haliyafikii kwa urahisi. Ndiyo maana watu huchimba visima vya mkono katikati ya mto mwezi wa tisa. Ndiyo maana pia shirika la SASOL na vikundi vya wanavijiji vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui tangu miaka ya 1990, na Makueni ikatunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka 2015. Mchanga ndio tangi letu.

Sasa tazama mtego. Mwongozo wa Benki ya Dunia kuhusu mahali pa jaa unataka kusiwe na kisima cha maji ndani ya mita 500 upande wa mteremko, wala mto unaotiririka mwaka mzima ndani ya mita 300. Mtaalamu mwenye haraka ataandika "hakuna mto wa kudumu eneo hili" na kupita. Wewe usipite. Hesabu kila mto wa mchanga kuwa wa kudumu, kwa sababu watu na mifugo wanakunywa humo mwaka mzima. Na kwa kuwa kisima kinaweza kuchimbwa popote kwenye mchanga huo, tumia kipimo cha kisima: mita 500 kutoka ukingoni.

Utasikia pia habari za mita 6 hadi 30 za ukingo wa mto zilizo kwenye kanuni za maji za Kenya. Kipimo hicho kinalinda kingo zisilimwe wala kujengwa. Mtu akikuambia kinatosha kwa jaa, mwulize kama angechimba kisima chake mita 31 kutoka hapo.

Usikubali hoja kwamba mchanga utachuja. Mchanga huchuja tope na hupunguza vijidudu. Chumvi, naitreti na madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye betri hupita pamoja na maji, mpaka kwenye mtungi wako.

Mafuriko nayo usiyasahau. Mwezi Disemba 2021 mto Enziu, karibu na Mwingi, ulisomba basi na zaidi ya watu 30 wakafa. Mto wenye nguvu ya kubeba basi utabeba jaa zima usiku mmoja na kulisambaza kwenye kila kisima cha mchangani huko chini. Kwa hiyo waulize wazee maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa kuliko zote wanazokumbuka, kama zile za El Nino za 1997. Weka alama hapo, kisha panda juu zaidi.

Ukitaka kuwaonyesha wajumbe wenzako kwamba hili si la kubuni, wakumbushe Dandora. Jaa lile la Nairobi lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001, na liko ubavuni mwa mto Nairobi. Mto Nairobi huingia Athi. Athi hupita katikati ya Kitui na Makueni kama mpaka, hukutana na Thwake mahali ambapo bwawa la mita za ujazo milioni 688 limekuwa likijengwa tangu 2018, kisha huendelea mpaka baharini karibu na Malindi. Tunalalamika kuhusu uchafu wa Nairobi unaoshuka kwetu. Ni haki yetu. Lakini ukiweka jaa juu ya Thwake au Kaiti, wewe ndiye Nairobi ya jirani yako.

Ramani moja, misimu miwili

Tafuta ramani ya Survey of Kenya ya kipimo cha 1:50,000 ya eneo lenu. Ikikosekana, picha ya setilaiti kwenye simu itakusaidia kuanza. Weka alama kwenye kila mto, kijito, silanga, chemchemi, kisima na bwawa la mchanga. Usianze na viwanja vinavyouzwa. Ukianza na kiwanja, utajikuta unatafuta sababu za kukitetea.

Nenda uwanjani mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi, Septemba au mwanzo wa Oktoba. Wakati huo maji ya juu yameisha, na kila mahali utakapokuta watu wakichota ni mahali ambapo maji hayaishi. Ongea na kina mama na vijana wanaopeleka punda mtoni. Waulize wanachimba kina gani, na kisima kipi hakijawahi kukauka. Taarifa hiyo huipati ofisini.

Rudi Novemba, mvua zikiwa zimeshika. Sasa fuata maji yanayokimbia. Utagundua kwamba ile njia ya ng'ombe ni kijito, na kwamba uwanda ulioupenda Septemba umegeuka dimbwi. Kamati nyingi huenda mara moja tu, kiangazi, kwa sababu gari halikwami. Wewe kubali kukwama.

Soma miti pia. Mkuyu mkubwa wenye majani mabichi wakati vingine vyote vimepukutika unakuambia maji yako karibu. Migunga ya gome la manjano, kama ile ya Kiboko na Makindu, husema hivyo hivyo. Kata mahali hapo.

Kisha nenda ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ukaulize rekodi za visima vilivyochimbwa kwa mashine: viko wapi, vina kina gani, maji yalipatikana wapi. Kampuni ya maji ya eneo lako nayo inajua mabomba yake yanapita wapi. Kitui mjini hupata maji ya bomba kutoka Masinga na Mwingi kutoka Kiambere. Bomba lenye ufa likipita chini ya jaa, presha ikishuka huvuta uchafu ndani.

Chini ya miguu yako kuna nini?

Sehemu kubwa ya Ukambani imekaa juu ya mwamba mgumu wa kale wenye nyufa. Maji hutembea kwenye nyufa hizo, si kila mahali. Hiyo ina maana mbaya kwa jaa: uchafu unaweza kuruka kisima kilicho karibu na kuibukia kingine cha mbali, kwa sababu ufa umeelekea huko. Umbali peke yake haukulindi.

Dawa yake ipo. Yule mtaalamu anayekuja na nyaya na vipimo vya umeme kutafuta mahali pa kuchimba kisima anaweza pia kukuambia mahali pa kuweka jaa. Kazi ni ile ile, jibu unalolitaka ndilo kinyume. Akisema "hapa pakavu, hakuna ufa, msichimbe kisima", andika jina la mahali hapo kwa herufi kubwa. Nashangaa kaunti na mashirika yamelipia vipimo vingi vya visima, na majibu ya "pakavu" hutupwa. Yaombe.

Upande wa Kibwezi, Makindu na Mtito Andei mambo ni tofauti, na ni makali zaidi. Mvua ya vilima vya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano na kuibuka kwenye chemchemi za chini: Umani karibu na Kibwezi, na Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, ambako bomba hupeleka maji hadi Mombasa. Mawe yale yana mashimo. Maji hupita upesi bila kuchujwa. Kama jaa lenu litakuwa juu ya mawe meusi ya lava, acha. Msihesabu hata mita. Tafuteni upande wa udongo mwekundu wenye kina, mbali na chemchemi, hata kama lori litatembea zaidi.

Ukishapata mahali panapoonekana pazuri, chimba. Leta wachimba visima wawili na uwape kazi ya kushuka mita tatu katika sehemu kadhaa. Ukigusa mwamba kabla ya mita mbili, funga shimo na uende zako. Ukikuta unyevunyevu, vivyo hivyo. Mwongozo ule wa Benki ya Dunia unataka angalau mita moja na nusu kati ya kitako cha jaa na maji ya ardhini yanapokuwa juu kabisa, yaani wakati wa mvua. Shimo la Septemba linaweza kukudanganya. Liache wazi, liwekee uzio watoto na mbuzi wasitumbukie, ulitazame tena Novemba.

Udongo uupime kwa mkono kwanza. Chukua tonge la udongo, liloweshe, lisokote. Likitoka uzi mrefu usiokatika, una mfinyanzi. Likivunjika na kukwaruza vidole, una mchanga.

Halafu pima jinsi udongo unavyokunywa maji. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwenye kina ambacho kitako cha jaa kitakuwa. Kijaze maji jioni yalale humo. Asubuhi kijaze tena, simamisha kijiti chenye alama, utazame saa. Udongo wa kichanga hunywa sentimita tatu au zaidi kwa saa. Mfinyanzi mzuri hunywa milimita chache tu. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kitakuepusha kumlipa mhandisi aje kukuambia kwamba umesimama juu ya chujio.

Neno kuhusu udongo mweusi wa pamba, kwa sababu wengi huukimbilia. Ukiwa umelowa hauvuji. Ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Kwa hiyo uko salama tu kama umeshindiliwa ukiwa na unyevu na kufunikwa mara moja, usiachwe juani. Mkandarasi akiutandaza Januari na taka zikaanza kuja Aprili, umepoteza pesa. Andikeni hilo kwenye mkataba.

Mengine ya kukata

Vilima vya Mbooni, Kilungu, Nzaui, Mutito na Mumoni ni vyanzo vya vijito na vina misitu. Jaa halikai juu ya chanzo. Hakuna mjadala hapo.

Mathembo, mahali pa ibada pa jadi, waulize wazee yalipo. Mengi yana mikuyu na miumo ya miaka mingi, na mara kwa mara yako karibu na maji. Mababu walijua walichokuwa wakikilinda.

Karibu na Tsavo na hifadhi ya Kitui Kusini, fikiria ndovu na nyani. Jaa lisilo na uzio huwafundisha njia ya kuja kijijini. Ukiona kinyesi cha ndovu kwenye kiwanja chako, tafuta kingine.

Mbuzi na ng'ombe wako kila mahali, na hula plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 imesaidia, lakini makaratasi ya nailoni bado yapo. Bajeti ya uzio iingie pamoja na bei ya ardhi, isingoje mwaka ujao.

Upepo nao uutazame. Washa majani mabichi kidogo asubuhi na jioni, uone moshi unaelekea wapi. Ukielekea zahanati, umeshapata jibu.

Sasa, usisukume jaa mbali mpaka likawa hadithi. Dereva akiona safari ni ndefu na barabara ni mbovu, atamwaga njiani, kwenye kijito kile kile ulichokuwa unakilinda. Mimi ningependa mahali pazuri kilomita 15 kutoka sokoni kuliko mahali bora kabisa kilomita 40. Barabara ipitike hata mvua ikinyesha.

Na acha nafasi. Agosti 10, 2024, jaa la Kiteezi, Kampala, lilianguka kwa mvua na kufukia nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa. Jaa lile lilifunguliwa mwaka 1996, mji ukalifuata, na mlima wa taka ukaendelea kupanda. Nunueni ardhi kubwa kuliko mnayohitaji leo, na eneo la pembeni lipandwe miti, lisikatwe viwanja. Kiwanja chenye mteremko mkali kikateni hata kama maji yako mbali.

Punguza kabla ya kuchimba

Simama kwenye lango la soko siku ya soko na siku ya kawaida. Pima kila mkokoteni: maganda na mabaki ya mboga upande huu, plastiki na chuma upande ule, vingine vyote kando. Fanya hivyo wiki nzima. Katika masoko yetu ya maembe, sukuma wiki na ndengu, rundo la vinavyooza huwa ndilo kubwa.

Rundo hilo ni mbolea. Tena ndilo linalotoa yale maji meusi yanayovuja chini ya jaa. Likiondolewa, jaa linakuwa dogo na kavu, na ardhi salama inakuwa rahisi kupata. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, zinazooza na zisizooza, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuokoa vinavyoweza kutumika tena. Anzeni na soko. Wenye maduka watafuata.

Taka za hospitali, betri na mafuta ya magari zisiingie jaa la kawaida. Gereji za barabara ya Mombasa, kuanzia Emali hadi Mtito Andei, zinamwaga mafuta mengi machafu. Zitafutieni pipa lao na mtu wa kulichukua. Mabaki ya kichinjio nayo yapewe mpango wake.

Karatasi, na siku za kuhesabu

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Lakini kaunti haijipi kibali yenyewe. Jaa linahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Tathmini hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Mwombe namba yake ya usajili kabla hamjamlipa.

Kanuni za 2003 za tathmini hiyo zinataka, kwa utafiti kamili, mabango yabandikwe karibu na mahali penyewe, tangazo litoke gazetini na redioni, redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika ifanyike. Kikamba kitumike. Baraza la chifu la dakika kumi mwishoni mwa ajenda nyingine halihesabiki. Makueni ina desturi nzuri ya kushirikisha wananchi hadi kijijini, kwa hiyo hakuna sababu ya kuruka hatua hii.

Ripoti ikija, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa maji. Je, visima ulivyovitia alama Septemba vimo kwenye ramani yao? Je, walipima wakati wa mvua? Kitako cha jaa kitafunikwa kwa nini, na maji yakivuja yatakusanywa wapi? Je, wamelinganisha sehemu zaidi ya moja, au waliletewa kiwanja kimoja wakaombwa wakibariki? Swali la mwisho ndilo huangusha ripoti nyingi.

Kabla lori la kwanza halijafika, pimeni maji ya visima vya juu na chini ya mahali hapo: tindikali, chumvi, naitreti, madini mazito na vijidudu. Wekeni majibu kwa msimamizi wa wadi na nakala kwa kamati ya maji ya kijiji. Bila majibu hayo, miaka mitano ijayo hakuna atakayeweza kuthibitisha kama kisima kiliharibiwa na jaa au kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Rudieni kipimo kila mwaka baada ya mvua.

Jaa la zamani nalo lisiachwe tu kwa sababu jipya limefunguliwa. Taka zilizofukiwa huendelea kuvuja miaka mingi. Lisawazishwe, lifunikwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, maji ya mvua yaelekezwe pembeni, na pasichimbwe kisima hapo.

Na kama leseni imetolewa kwa mahali ambapo ramani yako inasema hapafai, usibaki kunung'unika kwenye kikundi cha WhatsApp. Rufaa hupelekwa kwenye Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Hesabu kuanzia siku uamuzi ulipotolewa, na nenda na ramani, picha za Septemba na Novemba, na majibu ya maabara.